Kalemie: kutoka sanduku la chuma hadi diski ya SSD, historia ya kumbukumbu za mji

KALEMIE – Kando ya barabara ya Lumumba, kama katika mitaa mingine ya mji, kuna vibanda vya sekretariati ambako watu huchapisha barua, hutoa fotokopi ya kadi ya mpiga kura na huandikisha maombi ya kazi. Mara nyingi mashine iliyo juu ya meza ni ya zamani. Inakuja siku inaanza kutoa sauti ya tak-tak-tak na kuchukua robo saa kabla ya kuwaka. Fundi akiitwa, jibu lake huwa lilelile: nunua diski ya SSD, tuweke Windows upya, mashine itakuwa kama mpya.

Ni kweli, itakuwa kama mpya. Lakini kabla bisibisi haijashikwa kuna swali ambalo watu wengi hulisahau: yaliyomo ndani ya diski ya zamani yatakwenda wapi?

Swali hilo halikuanza na kompyuta. Kalemie imelijibu mara nyingi tangu ilipoanzishwa, na mara nyingi jibu lilikuwa baya. Kila mji ulipohama kutoka aina moja ya kuhifadhi kwenda nyingine, na kila watu walipokimbia vita, kilichobaki ni kile tu ambacho mtu alikuwa amekinakili mapema.

Enzi ya karatasi

Kituo cha Albertville kiliundwa na kapteni Jacques, Mbelgiji, kwenye mwaka 1891 na 1892, wakati wa vita dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Pamoja na reli na bandari zikaja karatasi: vitabu vya mizigo, orodha za wafanyakazi, hati za viwanja, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, vitabu vya ubatizo katika misheni. Kumbukumbu ya mji ilikaa ndani ya makabati ya mbao na masanduku ya chuma.

Karatasi ina uzuri wake. Haihitaji umeme, na mtu anayejua kusoma anaweza kuifungua hata baada ya miaka mia. Lakini haina mbio. Mwezi Juni 1964 Albertville iliangukia mikononi mwa waasi wa Simba, na mwezi Agosti jeshi la serikali pamoja na mamluki likaurudisha mji. Mwezi Agosti 1998 Kalemie, iliyokuwa tayari na jina lake la leo, iliingia mikononi mwa waasi wa RCD. Mtu anayekimbia kwa miguu hubeba mtoto, sufuria na mkeka, wala habebi kabati. Hati ikibaki nyumbani na nyumba ikichomwa, mwenyewe anabaki na maneno ya mdomo tu: nilizaliwa hapa, kiwanja hiki ni cha baba. Wahenga walishalisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sahani inayozunguka

Wakati Albertville ikiandika kwa wino, huko Marekani kampuni ya IBM ilitoa, mwaka 1956, mashine iliyoitwa RAMAC. Ndani yake mlikuwa na sahani 50 za chuma, kila moja ikiwa na upana wa sentimeta 61 hivi, zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Mtambo wake wa diski ulikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Ulihifadhi herufi milioni 5, yaani karibu na ukubwa wa picha moja inayopigwa leo na simu. Hiyo ndiyo iliyokuwa diski ngumu ya kwanza kuuzwa.

Diski za zamani zilizo kwenye mashine za Kalemie ni wajukuu wa RAMAC. Zimekuwa ndogo, lakini zinafanya kazi kwa njia ileile: sahani inazunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo cha kusoma kinapita juu yake bila kuigusa. Nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo kuliko unene wa unywele, tena kwa mara nyingi sana. Mashine ikiangushwa au ikitikiswa wakati inafanya kazi, kichwa kinaweza kugonga sahani na kuikwaruza. Palipokwaruzwa maandishi hayapo tena. Ile tak-tak-tak mara nyingi ni sauti ya kichwa kinachotafuta njia na kuikosa.

Inatosha kufikiria barabara ya Kalemie hadi Nyunzu, au hadi Moba, kwa lori au kwa pikipiki. Inatosha pia kufikiria umeme. Mji unategemea kituo cha maporomoko cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, kilichojengwa enzi za Wabelgiji, na kila mkaaji anajua umeme unavyoweza kukatika bila kuaga. Umeme ukikatika wakati kompyuta inaandika, faili hubaki nusu. Kesho yake mashine huwaka na maandishi meupe kwenye kioo cheusi, au haiwaki kabisa.

Kwa wasikilizaji wa redio jambo hili liko karibu zaidi. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, na Kalemie ikapata kituo chake. Redio za miaka ile zilikuwa zikihama kutoka kanda kwenda kompyuta. Sauti za mazungumzo ya amani, matangazo ya watu waliopotezana, hotuba na nyimbo za harusi zilianza kuwekwa ndani ya diski. Kanda ikikatika, fundi huiunga kwa gundi na kupoteza maneno machache. Diski ikifa, inakwenda na vipindi vyote.

Mfumo endeshi, sheria ya nyumba

Diski peke yake ni nyumba tupu. Ili kompyuta ijue faili iko chumba gani, nani anaruhusiwa kuingia na kinanda kinazungumza vipi na kioo, inahitaji mfumo endeshi.

Mwaka 1981 kompyuta ya IBM ya watu binafsi ilitoka na mfumo wa PC DOS, ambao mtumiaji aliuamuru kwa kuandika maneno. Windows ya kwanza ikatoka mwaka 1985, na mwaka 1995 Windows 95 ikaleta kitufe cha kuanzia kilicho chini ya kioo. Windows XP ilitoka Oktoba 2001 na ikaishi maisha marefu kupita ilivyotarajiwa. Microsoft iliacha kuitunza tarehe 8 Aprili 2014, lakini katika Afrika nzima mashine zake ziliendelea kufanya kazi miaka mingi baadaye, zikiwa wazi kwa virusi vilivyotembea kwenye flashi kutoka kibanda hadi kibanda.

Upande wa pili, mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, alianza kuandika kiini cha mfumo alichokiachia watu wote bure: Linux. Oktoba 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini na wenzake wakatoa Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux. Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, mtu yeyote duniani aliweza kuagiza CD zake na kuletewa kwa posta bila kulipa. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia ambayo maagizo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya Windows. Ziwa lililetewa kompyuta inayosema lugha yake, ijapokuwa katika vibanda vyetu vya Kongo Kifaransa ndicho kilichoendelea kutawala kioo.

Chipu kutoka Japani, bati kutoka Manono

Diski isiyo na sahani ilizaliwa Japani. Fujio Masuoka, mhandisi wa Toshiba, alionyesha mwaka 1984 chipu ambayo hutunza maandishi hata umeme ukizimwa, na mwaka 1987 yeye na wenzake wakaonyesha aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo leo ndani ya flashi, simu na SSD. Mwaka 1991 kampuni ya SunDisk, ambayo baadaye iliitwa SanDisk, iliuza SSD ya megabaiti 20 kwa bei ya dola 1,000 hivi. Leo diski ya gigabaiti 240, yaani kubwa mara 12,000, hugharimu sehemu ndogo tu ya pesa hizo.

Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Maandishi hukaa kama chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya vyumba vidogo mno. Ndiyo maana haina kelele, haiogopi barabara mbovu kama diski ya sahani, hutumia umeme kidogo, na mashine iliyokuwa ikiwaka kwa robo saa huweza kuwaka chini ya dakika moja.

Kuna jambo ambalo mkaaji wa Tanganyika anastahili kulijua anaposhika kitu hicho chepesi mkononi. Chipu hushikizwa kwenye ubao wake kwa kulehemu, na madini makuu ya kulehemu ni bati. Vifaa vidogo vinavyotunza chaji kwa muda mfupi, katika simu na kompyuta, baadhi hutengenezwa kwa tantali, inayotoka kwenye koltani. Bati na koltani vyote viwili vinachimbwa Manono, katika mkoa huuhuu. Géomines ilichimba bati huko tangu enzi za Wabelgiji, na wachimbaji wa mikono wanachimba hadi leo. Hakuna anayeweza kuonyesha chembe moja na kusema hii ilitoka Manono. Lakini mkoa huu umekuwa kwenye mwanzo wa safari ya kompyuta muda mrefu kabla ya kompyuta kurudi kuuzwa sokoni kwake.

Siku ya kubadilisha diski

Kazi yenyewe si ngumu. Fundi huandaa flashi ya gigabaiti 8 au zaidi, huweka ndani yake faili za Windows au Linux, huzima mashine, hufungua skrubu, hutoa diski ya zamani na kuchomeka mpya. Akiwasha, hubonyeza kitufe kama F2, F12 au Del kulingana na aina ya mashine, ili kompyuta ianzie kwenye flashi.

Hapo programu ndogo iliyo kwenye ubao mkuu ndiyo inayoamka kwanza. Kwenye mashine za zamani inaitwa BIOS, kwenye mpya UEFI. Kazi yake ni kutafuta mahali mfumo endeshi ulipo. Ndiyo sababu diski mpya hugawanywa vyumba kwanza: chumba kidogo cha kuanzia, kisha chumba kikubwa cha mfumo na faili. Fundi akichanganya mtindo wa zamani na mpya, kazi humalizika vizuri kisha mashine hukataa kuwaka, na mteja hudhani diski ni mbovu. Kosa jingine la kawaida hapa Kongo ni kinanda. Mfumo ukiwekwa kwa mpangilio wa Kiingereza wakati vitufe ni vya Kifaransa, A inakuwa Q, na neno la siri lililoandikwa siku hiyo halikubali kesho yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kuitunza Windows 10 kwa kawaida yake. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai UEFI na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na mashine nyingi za vibandani hazina. Mwenye kompyuta kama hiyo anapoweka SSD mpya ana njia mbili za kweli: kubaki na mfumo usiotunzwa tena, au kuhamia Linux. Njia ya tatu, ya Windows iliyovunjwa ulinzi na kugawiwa kwa flashi, inaonekana bure, lakini mara nyingi huja na virusi ndani yake.

Hatari mpya iliyojificha

Mafundi wa zamani walikuwa na ufundi mmoja uliookoa watu wengi. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya kwenye diski ya sahani, maandishi yenyewe hayakuondoka mara moja. Mfumo ulifuta jina tu, na maandishi yakabaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Fundi mwenye subira aliweza kuyarudisha.

Kwenye SSD mambo ni tofauti. Tangu Windows 7, mwaka 2009, Windows huiambia diski vyumba gani havihitajiki tena, kwa amri inayoitwa TRIM, na Linux nayo inaweza kutoa amri hiyohiyo. Diski yenyewe huvisafisha ili iwe tayari kuandika upesi. Kilichofutwa leo, kesho kwa kawaida hakirudi. Tena SSD inaweza kufa ghafla bila tak-tak-tak ya kuonya. Na ikiachwa kabatini bila umeme kwa muda mrefu sana, chaji zake zinaweza kudhoofika. Kwa hiyo diski iliyo bora kwa kazi ya kila siku siyo lazima iwe bora kwa kutunza kumbukumbu.

Ndiyo maana utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, nakili faili zote kwenye diski nyingine kabla ya kufungua skrubu hata moja, na ufungue chache uone kama zinasomeka. Pili, weka mfumo kwenye diski mpya. Tatu, rudisha faili. Nne, diski ya zamani usiifute wala kuiuza. Iandike tarehe, ifunge kwa kitambaa, iweke pakavu kwa miezi kadhaa hadi uhakikishe hakuna kilichosahauliwa. Na ikiwa tayari inagonga, usiiwashe mara kwa mara kwa kujaribu bahati. Kila kuwasha kunaweza kuongeza mkwaruzo.

Walio safarini

Katika miaka ya 2016 na 2017 mapigano kati ya Watwa na Waluba yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu vijijini mwao katika mkoa wa Tanganyika, na kambi zikazunguka Kalemie. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda na kuingia nyumbani kwa watu. Mwaka 2025, baada ya Goma kutekwa Januari na Bukavu Februari, familia za Kivu ya Kusini ziliteremka hadi hapa, nyingine kwa mashua. Kila kundi lilifika na hadithi inayofanana: vyeti vya watoto vilibaki, diploma ilibaki, karatasi ya kiwanja ililowa.

Katika Kongo kadi ya mpiga kura, tangu uandikishaji wa mwaka 2005 uliofanywa kwa kompyuta, ndiyo imekuwa kitambulisho cha watu wengi. Anayeipoteza hupata shida kizuizini, benki na kwenye orodha ya msaada. Ndiyo sababu watu hufika vibandani kutafuta kivuli cha karatasi yao: labda fotokopi iliyopigwa mwaka juzi bado imo ndani ya mashine ile. Wakati mwingine imo. Na wakati mwingine mashine imepata diski mpya mwezi uliopita, inawaka upesi, na haina habari ya mtu yeyote.

Familia inaweza kujilinda kwa gharama ndogo. Picha za wazi za kila cheti zikae mahali pawili au patatu: kwenye simu, kwenye flashi aliyoachiwa ndugu anayeishi mji mwingine, na kwenye akaunti ya intaneti ambayo neno lake la siri wanalijua watu wawili wa nyumbani. Zisiachwe kwenye kompyuta ya kibanda, ambako mgeni anaweza kuzifungua. Picha haichukui nafasi ya hati halisi mbele ya ofisi, lakini ina namba, tarehe na jina la aliyetia saini, na hapo ndipo kazi ya kuomba nakala nyingine huanzia.

Mwenye kibanda naye ana deni lake kwa mtaa. Kabla ya kumwambia fundi aendelee, atenge siku moja ya kuwajulisha wateja wake kwamba mashine inabadilishwa, ili mwenye faili aje na flashi yake. Kuweka mfumo mpya huchukua saa moja au mbili. Kuandika upya kumbukumbu za mtaa mzima huchukua miaka, na baadhi ya waliokuwa wakizijua kwa kichwa wameshazikwa au wako kambini, mbali na makwao.